Sura ya Tano: Watahiniwa Arobaini

Matokeo ya kidato cha nne hutoka mwezi Januari, na kijijini hayasubiri barua. Mtu mmoja hupanda hadi kwenye kona ya barabara ambako mtandao unashika, anafungua simu, na kabla jua halijazama kila nyumba imeshajua. Ukurasa wenyewe ni mkavu. Una namba ya kituo, namba ya mtahiniwa, jinsi, pointi, daraja, halafu mstari mrefu wa masomo kwa vifupisho, kila somo na herufi yake. Hakuna palipoandikwa nani alitembea saa mbili kila asubuhi kufika darasani, wala nani alifiwa na mama yake wiki tatu kabla ya mtihani.

Nilifundisha hesabu katika shule moja ya kata kwenye milima ya Usambara. Ilikuwa shule ndogo, ya mkondo mmoja kwa kila kidato, wanafunzi kama mia moja na sitini kwa jumla. Watahiniwa wetu walicheza kwenye arobaini, mwaka huu wakipungua wawili, mwaka ujao wakizidi watatu. Mwaka mmoja mkuu wetu wa shule alipigiwa makofi kwenye kikao cha tathmini. Mwaka uliofuata, kwenye kikao kilekile, aliambiwa asimame aeleze shule yake imepatwa na nini. Alirudi jioni, akakaa kwenye benchi la ofisi ya walimu bila kuvua koti, akasema, "Walimu ni walewale. Chaki ni ileile. Mimi sijui nilifanya nini mwaka jana, wala sijui nimeharibu nini mwaka huu."

Maneno yale yamekaa nami kwa miaka mingi, kwa sababu alikuwa anasema kweli tupu na hakuna aliyemsikiliza. Sura hii nimeiandika kwa ajili yake.

Chukua gunia la maharage yaliyochanganywa, mekundu saba kwa kila meupe matatu. Tingisha vizuri, kisha chota punje arobaini bila kuangalia. Ungetarajia mekundu ishirini na nane, na mara nyingi utapata karibu na hapo. Lakini rudia zoezi hilo mara ishirini, utaona mekundu yakishuka hadi ishirini na mbili na kupanda hadi thelathini na nne, na hakuna aliyegusa gunia. Sasa chota punje mia nne. Safari hii mekundu yatabaki kati ya mia mbili sitini na mia tatu, karibu kila mara. Geuza hesabu hiyo kuwa matokeo ya mtihani: shule yenye watahiniwa 40 inaweza kutoka asilimia 55 hadi 85 bila mwalimu yeyote kuongeza bidii au kulegea, wakati shule yenye watahiniwa 400 itasogea kidogo tu juu na chini ya asilimia 70. Kwa shule ndogo, mtoto mmoja ni asilimia mbili na nusu. Wawili wakiugua malaria wiki ya mtihani, shule "imeshuka" asilimia tano, na mtu fulani ofisini ataandika barua ya kuuliza sababu.

Watoto si maharage, najua. Ndiyo maana jambo hili linauma zaidi. Kila punje hapo ina jina, na kila jina lina mzazi aliyeuza viazi kununua sare.

Wapo waliolipima jambo hili kwa uangalifu. Nchini Marekani, mtakwimu Howard Wainer na mwenzake Harris Zwerling walichukua alama za shule 1,662 za jimbo la Pennsylvania. Walipotazama shule 50 zilizofanya vizuri kuliko zote, walikuta sita kati yake ni miongoni mwa shule 50 ndogo kabisa, idadi kubwa mno kwa kundi ambalo ni kama asilimia tatu tu ya shule zote. Mtu angeishia hapo angesema udogo ni dawa. Wao wakatazama pia mkiani, kwenye shule 50 zilizofanya vibaya kuliko zote, wakakuta tisa ni za kundi lilelile la shule ndogo. Udogo ulizirusha shule hizo kileleni na ukazitupa bondeni, kwa sababu ileile inayofanya kiganja cha maharage kisitabirike. Hukohuko taasisi ya Bill na Melinda Gates ilitoa zaidi ya dola bilioni 2 kwa ajili ya shule za sekondari za Marekani, na sehemu kubwa ya juhudi hiyo ilikuwa kuanzisha shule ndogo na kugawa kubwa. Mwaka 2009 Bill Gates mwenyewe aliandika kwamba nyingi kati ya shule ndogo walizozisaidia hazikuinua ufaulu kwa kiwango cha maana.

Kwetu, Baraza la Mitihani la Tanzania liliwahi kuliona tatizo hili kwa namna yake. Kwa miaka kadhaa lilipopanga shule kwa ubora liliziweka katika makundi mawili, zenye watahiniwa 40 na kuendelea, na zile zenye pungufu ya hapo. Shule yetu ilikuwa inaruka ukuta huo. Mwaka huu tuko na wakubwa, mwaka ujao tumerudishwa kwa wadogo, kutegemea kama mabinti wawili wameacha shule au la. Kisha Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya mtihani wa mwaka 2022, Baraza likaacha kabisa kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Wengi walilalamika kwamba ushindani umeuawa. Mimi nilifurahi, na nilimkumbuka mkuu wangu akiwa na koti lake.

Lakini kuacha kupanga shule hakujaondoa neno lenyewe linalotutesa, neno "ufaulu." Tulitazame kwa karibu, maana wazazi wengi hawajawahi kufafanuliwa. Mtahiniwa huhesabiwa masomo yake saba aliyofanya vizuri zaidi. Alama A ni pointi moja, B mbili, C tatu, D nne, F tano. Aliyepata A zote saba ana pointi 7, aliyepata F zote ana 35. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33. Wa 34 na 35 ndio sifuri. Piga hesabu mwenyewe: mtoto mwenye D mbili na F tano ana pointi 33. Amefaulu. Na D huanzia alama 30 kwa mia.

Kwa hiyo shule inaweza kuandika ubaoni "asilimia 100" kwa chaki ya rangi, ikachinja mbuzi, na pasiwe na mtoto hata mmoja anayeweza kwenda kidato cha tano. Nyingine ikawa na sifuri sita na madaraja ya kwanza matano, ikaitwa shule iliyoshuka. Mzazi akiniuliza nitampeleka mwanangu wapi, sitamwambia aangalie asilimia. Nitamwambia ahesabu C. Huyo mtoto wa C tatu anaweza kusonga mbele, na mwalimu aliyemfikisha hapo amefundisha.

Halafu kuna mwaka 2012, ambao walimu wa rika langu hatuwezi kuusahau. Matokeo ya mtihani wa mwaka huo yalitangazwa Februari 2013, na zaidi ya nusu ya watahiniwa wa nchi nzima walikuwa wamepata sifuri. Nchi ilishtuka. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume iliyoongozwa na Profesa Sifuni Mchome, na mwezi Mei serikali ikayafuta matokeo yale ili alama zipangwe upya. Karatasi zilikuwa zilezile, majibu yaleyale, mwandiko uleule. Yakatoka matokeo mengine, na maelfu ya watoto waliokuwa wamelia mwezi Februari wakawa wamefaulu mwezi Mei. Sisemi hivyo kumdhihaki mtu. Nasema kwa sababu nilikuwa na kijana mmoja aliyeondoka kwenda Mombo kubeba mizigo ya mboga baada ya sifuri ile, na tulipompelekea habari alicheka, akauliza, "Sasa mwalimu, mimi ni yupi, wa Februari au wa Mei?" Hakurudi.

Shule hizi za kata zilizaliwaje, wengi wanakumbuka. Mpango wa Maendeleo wa Elimu ya Sekondari ulianza mwaka 2004, na lengo lililoshika mioyo ya watu lilikuwa moja: kila kata iwe na sekondari yake. Ndani ya miaka michache tu shule za sekondari za serikali ziliongezeka kutoka chini ya elfu moja hadi zaidi ya elfu tatu. Wanavijiji walisomba mawe na mchanga kwa vichwa, wakachoma matofali, wakachangishana mabati. Walimu hawakuchomwa kama matofali, na hapo ndipo dhihaka ya watu wa mjini juu ya "shule za kata" ilipoanzia. Mimi dhihaka hiyo siikubali. Kabla ya shule ile kujengwa, binti wa kijiji kile aliyemaliza darasa la saba alikuwa na njia mbili: jembe, au basi la kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Shule ilimpa njia ya tatu, hata kama ilikuwa nyembamba.

Nyembamba kwa sababu gani? Hapa ndipo udogo unapouma kwelikweli, na si kwenye asilimia. Walimu hupangwa kwa uwiano, mwalimu mmoja kwa wanafunzi kadhaa. Shule yenye wanafunzi 160 na walimu 8 ina mwalimu mmoja kwa wanafunzi 20. Kwenye karatasi huo ni uwiano ambao shule za mjini zenye watoto sabini darasani zingeuota usiku. Ila masomo hayapungui kwa sababu watoto ni wachache. Kiswahili, Kiingereza, Hesabu, Uraia, Historia, Jiografia, Baiolojia, Kemia, Fizikia: enzi zetu yalikuwa masomo tisa kwa watoto 160 kama yalivyokuwa tisa kwa watoto 1,600. Walimu wanane kwa masomo tisa, na kati ya wanane wale watano ni wa Historia na Kiswahili, maana ndio waliopatikana. Fizikia haina mtu. Hesabu ina mtu mmoja, vidato vyote vinne. Mtu huyo nilikuwa mimi, na nilipolazwa wiki mbili kwa homa ya matumbo, hesabu katika kata nzima ilisimama.

Fedha nazo zina hadithi hiyohiyo. Tangu mwaka 2016 wazazi hawalipi ada katika sekondari za serikali, na shule huletewa ruzuku kwa idadi ya vichwa. Mlinzi hapungui mshahara kwa sababu vichwa ni vichache, na mashine ya kudurufu mitihani ikiharibika, fundi ana bei moja kwa wote. Na maabara: mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Kijiji chetu kilichangishwa tena, na kuta zikasimama. Nilipoondoka, chumba kimoja kilikuwa kinatumika kuhifadhia majembe na magunia ya mahindi ya makande, na nilikuwa nawaeleza watoto masomo ya maabara kwa mfano wa bomba la maji na mabomba ya sindano yaliyotumika, ili waelewe kitu wasichokuwa na chombo cha kukionea.

Sasa niseme kuhusu siku yenyewe ya shule, kwa sababu matokeo hupikwa humo. Mwezi Julai Usambara ni baridi ya kutetemesha, na ukungu unashuka mpaka hauoni mlingoti wa bendera. Watoto wanafika wamelowa hadi magotini kwa umande, mkono mmoja daftari ndani ya mfuko wa plastiki, mkono mwingine fagio au kidumu cha maji. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti wa mkaratusi, na kiranja wa zamu aliipiga kwa nondo. Mstarini tunaimba wimbo wa taifa, mwalimu wa zamu anakagua kucha na soksi, matangazo, kisha usafi, kisha vipindi. Siku ya gulio darasa linakuwa nusu. Usiniambie wazazi hawa hawapendi elimu. Kabichi haingoji, na pesa ya kabichi ndiyo inayonunua daftari.

Saa nne wanatoka kwenda mapumziko. Wenye shilingi mia mbili wananunua muhogo wa kukaanga kwa mama aliyekaa nje ya lango, wasio nazo wanazunguka nyuma ya madarasa wasionekane. Tulipofanikiwa kuanzisha makande ya mchana kwa michango ya mahindi na maharage, nidhamu ya vipindi vya alasiri ilibadilika ndani ya mwezi mmoja, na sikuwa nimebadilisha hata mfano mmoja katika ufundishaji wangu. Kama ningelazimishwa kuchagua kati ya vitabu vipya na sufuria kubwa, ningechagua sufuria, na nasema hivyo nikiwa mwalimu.

Udogo una raha zake pia. Shule yetu haikuwa na watu wa kujaza timu, kwa hiyo kila mtu alikuwa kila kitu. Golikipa alikuwa ndiye mwimbaji wa sauti ya chini kwenye kwaya, na ndiye mzungumzaji wa kwanza kwenye mdahalo. Tulipokwenda kwenye mashindano ya UMISSETA tulifungwa na shule kubwa mabao mengi, lakini hakukuwa na mtoto aliyemaliza miaka minne bila kusimama mbele ya watu. Na nilijua majina yote mia moja na sitini. Nilijua nani anakaa kwa bibi, nani amepangisha chumba cha udongo karibu na shule na anajipikia mwenyewe akiwa na miaka kumi na mitano. Binti mmoja alipoanza kukaa kimya nyuma ya darasa, mwalimu wa kike aligundua ndani ya wiki mbili kwamba ni mjamzito. Wakati huo sheria haikumruhusu kubaki. Waraka wa kuruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi darasani ulitoka Novemba 2021, na nilipousoma nilimfikiria yeye, ambaye mwanawe kwa hesabu yangu alikuwa tayari yuko shule ya msingi.

Miezi ya mwisho kidato cha nne huingia kambini. Madawati yanasukumwa ukutani, magodoro yanatandikwa, wavulana chumba kile na wasichana hiki, mwalimu mmoja analala shuleni kwa zamu, na wazazi wanaleta unga na kuni. Usiku wanapiga msuli kwa taa ya sola, wakipitia pepa za miaka ya nyuma mpaka karatasi zinachanika kwenye mikunjo. Kambi husaidia. Nimeona mtoto akitoka F hadi C ndani ya wiki kumi kwa sababu tu kwa mara ya kwanza maishani amelala karibu na daftari lake na hakutumwa maji.

Hata hivyo kambi inawakuta watoto mwishoni mwa safari, na mimi naamini kwa moyo wote kwamba wengi walishapotea mwanzoni. Mtoto wa kijiji kile husema Kisambaa nyumbani. Akiingia darasa la kwanza anajifunza kusoma kwa Kiswahili, na kwa miaka saba anafundishwa kila kitu kwa lugha hiyo: sehemu, vipeo, kani, msuguano, usanisinuru. Anavielewa. Januari moja anavaa sketi mpya, anaingia kidato cha kwanza, na kila kitu anachokijua kinabadilishwa jina kwa siku moja, kuwa Kiingereza. Hupewa kozi ya wiki chache ya kumuandaa, kisha vitabu vinafunguliwa. Mwezi Machi darasa limeshagawanyika lenyewe. Wapo wanaonyoosha mikono, na wapo waliojifunza kunakili ubao kwa mwandiko mzuri sana bila kujua wanachonakili. Hao wa pili watanakili kwa miaka minne. Hesabu kitaifa, kwa miaka mingi, imekuwa ikifauliwa na takriban mtahiniwa mmoja kati ya watano, na walimu wa hesabu tunalaumiwa kwa tarakimu. Mara nyingi mno mtoto hakushindwa na tarakimu. Alishindwa na sentensi iliyozibeba.

Mwaka ule mkuu wetu alipoitwa kujieleza, wiki hiyohiyo kidato cha kwanza kipya kilikuwa kimeripoti. Yeye na bodi walikuwa ofisini wakibishana juu ya asilimia, sauti zao zikipenya dirisha lisilo na kioo. Nilikuwa chumba cha pili. Nilichora pembetatu ubaoni na kuuliza kwa Kiingereza jumla ya pembe zake za ndani. Watoto arobaini na wanne walinitazama kama waliosikia mvua kwenye bati. Nikauliza tena, kwa Kiswahili. Mikono ikapaa mpaka nyuma. Nilimchagua binti wa safu ya pili, ambaye majani ya fagio yalikuwa bado yameng'ang'ania mkono wa sweta lake. "Nyuzi mia na themanini, mwalimu," akasema, bila hata kufikiri. Nikampa chaki. Akaja mbele, akaandika 180 kwa tarakimu kubwa zilizonyooka, akarudi hatua moja kuitazama kazi yake, halafu akanigeukia na kuniuliza kwa sauti ya chini ile michoro midogo kwenye kona sasa inaitwaje.